Kodi imepandishwa katikati ya miezi niliyokwisha kulipia. Tuhamie Morogoro?

Shikamoo Shangazi,

Nakuandikia usiku, watoto wamelala na baba yao yuko nje anahesabu hela ya bajaji. Mimi ni fundi cherehani, nashona sare za shule. Tunapanga Ipagala, hapa Dodoma, vyumba viwili na kibaraza, na hicho kibaraza ndiyo ofisi yangu. Huu ni mwaka wa sita tuko nyumba hii.

Tulipoingia kodi ilikuwa 70,000 kwa mwezi. Baadaye ikawa 85,000, kisha 100,000. Kila mara mwenye nyumba, tuliyekuwa tunamwita Bibi, alituita mapema, akatukalisha chini ya mzabibu wake pale uani na kusema, "Wanangu, kuanzia mwezi wa kwanza nitaongeza kidogo, jipangeni." Tukawa tunajipanga. Tunalipa miezi sita sita. Mkataba wa karatasi hatuna, tuna daftari tu, kaunta buku jeusi. Bibi hakujua kuandika, hivyo kila tukilipa mjukuu wake anaandika tarehe, miezi na kiasi, halafu Bibi anachovya dole gumba kwenye wino wa bluu na kulibandika pembeni. Daftari ninalo mimi.

Bibi alifariki Mei mwaka huu. Mungu amlaze pema, alikuwa mama kwetu. Mwanawe anayeishi Dar es Salaam ndiye aliyeshika nyumba. Mwezi wa saba nilimpa 600,000 za Julai hadi Desemba, akasaini mwenyewe kwenye daftari lile lile, chini ya madole ya mama yake.

Mwisho wa Septemba akaja. Hakukaa hata dakika kumi. Alibandika karatasi kwenye mlango wa kila mpangaji (tuko wanne) kwamba kuanzia Oktoba chumba na sebule ni 170,000. Kwa hiyo mimi nadaiwa nyongeza ya Oktoba, Novemba na Desemba, jumla 210,000, na kuanzia Januari anataka kodi ya mwaka mzima kwa mkupuo, yaani 2,040,000. Nilipomwambia nimeshalipa mpaka Desemba akanijibu, "Hapa sasa ni makao makuu, mama. Kama huwezi, wenye hela wapo, wanafanya kazi Mtumba." Akaongeza kuwa ikifika tarehe 15 bila nyongeza atakata umeme. Mita ni moja kwa nyumba nzima, Shangazi, na mimi nina mashine mbili za umeme na oda ya sare za Januari.

Sasa kila mtu ana lake la kusema. Mzee mmoja jirani, mstaafu, anasema zamani ukipandishiwa kodi ulikwenda Baraza la Nyumba, likapima nyumba na kukupangia bei. Anasema hapa Dodoma liliondoka pamoja na CDA, ile mamlaka ya kustawisha makao makuu, lakini Morogoro na Singida bado lipo. Dereva mwenzake na mume wangu anasema hata Chamwino tu hapo, ukivuka mpaka wa jiji, halmashauri ina bei zake. Na wifi yangu yuko Marekani, mji unaoitwa St. Paul. Ametutumia sauti ndefu anashangaa, anasema kwao mwenye nyumba haruhusiwi kuongeza zaidi ya asilimia 3 kwa mwaka, ila rafiki yake aliye ng'ambo ya mto, Minneapolis, hana kinga hiyo. Baba Neema aliposikia hivyo akasema basi ndiyo mambo yalivyo duniani kote, kila mji na sheria yake, tuhamie Morogoro. Anasema treni ya mwendokasi ipo, wateja wangu nitawafuata Dodoma mara moja kwa wiki.

Mimi sitaki kuhama. Neema yuko darasa la sita, wateja wangu wote wako hapa. Lakini sitaki pia kuonekana mkaidi kwa mume wangu wala kwa mtoto wa Bibi. Naomba uniambie ukweli. Hiyo 210,000 nilipe? Na ni kweli sheria ya kodi inabadilika ukivuka mpaka wa mji?

Mama Neema, Ipagala

*

Marahaba mwanangu, na pole kwa msiba wa Bibi. Inaonekana hujapata hata nafasi ya kumlilia vizuri.

Nianze na linalokunyima usingizi. Hiyo 210,000 hudaiwi. Mwezi wa saba mlipatana bei na muda, 100,000 kwa mwezi hadi Desemba. Ukatoa hela, yeye akapokea na kusaini. Hayo ni makubaliano yaliyokamilika, na mtu mmoja hawezi kuyafungua peke yake katikati ya safari. Usione haya kwamba huna mkataba uliopigwa chapa. Sheria ya Ardhi, Namba 4 ya 1999, inatambua upangaji wa muda mfupi, usiozidi mwaka mmoja, hata ukifanywa kwa mdomo. Wewe una zaidi ya mdomo, una daftari lenye saini ya huyo huyo anayekudai. Angekuwa Bibi ndiye aliyepokea, kijana angeweza kusema "mimi sikuwepo". Alikuwepo, na kalamu aliishika yeye.

Na hata ile ya Bibi ingemfunga. Mwenye nyumba akifa, upangaji haufi naye. Anayerithi nyumba huirithi pamoja na wapangaji wake na ahadi walizopewa, mpaka muda wao uishe.

Sasa habari ya mipaka, maana naona ndiyo inayotaka kuwabebesha vitanda hadi Morogoro.

Huyo mzee jirani msimcheke, anakumbuka kitu cha kweli. Tanzania Bara ilikuwa na sheria ya kudhibiti kodi za pango, ya mwisho ikiwa ile ya 1984, na yalikuwepo mabaraza ya nyumba yenye mamlaka ya kusema nyumba hii kodi yake halali ni kiasi hiki. Baba yangu mzazi aliwahi kwenda huko. Tulikuwa tumepanga Kikuyu ya hapa hapa Dodoma, na nakumbuka alivyovaa shati lake la Jumapili siku ya Jumatano, akabeba stakabadhi zake kwenye bahasha ya kaki. Alirudi jioni anatabasamu, na mama akapika wali. Kwa hiyo mzee wenu hasimulii ngano.

Alipokosea ni kwenye mwisho wa hadithi. Sheria ile ilifutwa mwaka 2005, na ilifutwa kwa Tanzania Bara nzima. Haikuondoka Dodoma peke yake, na CDA haikuhusika. CDA iliyovunjwa mwaka 2017 ilishughulika na viwanja na mipango ya mji, na wakati inavunjwa udhibiti wa kodi ulikuwa umeshazikwa miaka kumi na miwili. Nadhani watu wanachanganya mambo hayo mawili kwa sababu kodi zilianza kupaa kweli kweli baada ya Serikali kuhamia hapa, na CDA ikaondoka miezi hiyo hiyo.

Kwa hiyo ukienda Morogoro, sheria utakayoikuta ni hii hii ya Dodoma. Singida hivyo hivyo. Chamwino, ambako baba Neema anaweza kufika na bajaji, hakuna ofisa wa halmashauri mwenye orodha ya kodi za nyumba za watu binafsi. Yule dereva huenda amechanganya na kodi za vibanda na fremu za masoko, ambazo halmashauri hupanga kwa sababu ni mali yake. Nyumba ya mtoto wa Bibi si mali ya jiji. Kwetu sisi, kati ya mji na mji kinachobadilika ni bei na mazoea: wapi wanadai miezi mitatu, wapi sita, wapi mwaka, dalali anachukua kiasi gani, nyumba zipo ngapi na wanaozitaka ni wangapi. Mstari wa mpaka wa jiji haukulindi kitu.

Wifi yako naye anasema kweli, na nimefurahi kwamba amelitaja la rafiki yake, maana ndilo lenye funzo. St. Paul na Minneapolis ni miji miwili iliyotazamana, katikati umepita mto Mississippi, na watu huishi upande huu na kufanya kazi upande ule. Sheria ya jimbo lao la Minnesota inakataza mji kuweka ukomo wa kodi za pango, isipokuwa wananchi wa mji huo wakubali kwa kura. Novemba 2021 miji yote miwili ilipiga kura siku moja. St. Paul wakapitisha ukomo wenyewe: asilimia 3 kwa mwaka. Minneapolis wakaliruhusu baraza lao la mji kutunga utaratibu, na baraza halikuwahi kuutunga. Ndiyo maana wifi ana kinga, na rafiki yake upande wa pili wa daraja hana.

Lakini mwambie wifi akumalizie hadithi. Ukomo wa St. Paul mwanzoni uligusa hata nyumba ambazo zilikuwa bado hazijajengwa. Maombi ya vibali vya kujenga yakaporomoka, na mwaka uliofuata mji wenyewe ukarudi kuilegeza sheria: nyumba mpya zikasamehewa miaka 20. Mwaka 2025 wakalegeza tena, safari hii wakazitoa moja kwa moja zile zilizojengwa baada ya 2004. Kwa hiyo hata ndani ya St. Paul, majirani wawili wa mtaa mmoja wanaweza kuwa na haki tofauti kwa sababu ya umri wa majengo yao.

California ndiyo wamefika mbali zaidi kwa hili. Mji wa Santa Monica, uliozungukwa na Los Angeles pande tatu na bahari upande wa nne, ulipiga kura ya kudhibiti kodi mwaka 1979. Los Angeles yenyewe ina sheria yake nyingine, inayolinda hasa majengo yaliyokuwepo kabla ya Oktoba 1978. Na kuna mji unaoitwa West Hollywood ambao wapangaji walihangaikia uwe mji unaojitegemea, mwaka 1984, kwa sehemu kubwa ili wajitungie sheria ya kodi, maana waliona kinga waliyokuwa nayo inakaribia kuisha. Watu wameanzisha mji kwa sababu ya kodi ya pango, mwanangu! Baadaye jimbo lenyewe likaingilia. Mwaka 1995 likaiwekea miji mipaka katika kudhibiti, na mwaka 2019 likaweka ukomo wa jumla kwa nyumba nyingi ambazo miji haikuzigusa: asilimia 5 pamoja na mfumuko wa bei, isizidi asilimia 10.

Nakueleza yote haya ili baba Neema aone tofauti. Kule mji una meno kwa sababu sheria ya jimbo imeupa mji nafasi hiyo. Kwetu jambo hili ni la Bunge. Angalia hata majirani zetu wa karibu. Uganda walitunga sheria ya wenye nyumba na wapangaji mwaka 2022, na mwenye nyumba haruhusiwi kupandisha zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka, iwe Kampala au Mbarara. Kenya wanayo sheria ya zamani ya kudhibiti kodi za makazi, ila inagusa nyumba za kodi isiyozidi shilingi 2,500 za Kenya kwa mwezi, na leo Nairobi chumba cha bei hiyo utakitafuta kwa tochi. Ungekuwa Kampala, kutoka 100,000 mtoto wa Bibi angeishia 110,000. St. Paul angeishia 103,000. Dodoma ameandika 170,000, na hakuna mahali sheria inapomwambia 170,000 ni nyingi mno.

Hapo ndipo panaponiuma. Mimi siamini kwamba tunapaswa kurudi kwenye yale ya 1984 kama yalivyokuwa. Niliziona nyumba za enzi zile zikivuja mwaka hadi mwaka, maana mwenye nyumba haoni faida ya kununua bati jipya. Lakini kati ya kumpangia mtu bei na kumwacha abandike karatasi mlangoni kwa siku kumi na tano, pana nafasi kubwa, na Bibi asiyejua kuandika aliijaza kwa utu wake tu. Alitoa taarifa mapema, akaongeza kwa kiasi, akawakalisha chini. Kuruka kwake kutoka 85,000 hadi 100,000 kwa mara moja kungepita hata kiwango cha Uganda, na bado hamkulalamika, kwa sababu mlijua lini na kwa nini. Hilo la taarifa ya kutosha kabla ya kupandisha nalitamani liwe sheria kwetu. Mbunge wenu akija kwenye mkutano wa mtaa, muulizeni.

Turudi nyumbani kwenu. Kijana anasema "makao makuu", na hasemi uongo. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956 katika Dodoma mjini, ya 2022 ikakuta 765,179. Nyumba hazikuongezeka kwa mwendo huo, na kila wizara iliyohamia Mtumba imekuja na watu wanaohitaji pa kulala. Kwa hiyo Januari kodi itapanda, jiandae kwa hilo. Swali ni ipande hadi wapi, na hapo una nguvu kuliko unavyofikiri. Wiki hii zunguka Ipagala, Ilazo na Swaswa, uliza wapangaji wenyewe, usiulize madalali, wanalipa kiasi gani kwa vyumba viwili vyenye mita ya pamoja na choo cha pamoja. Dalali atakutajia bei anayoitamani. Mpangaji atakutajia aliyolipa. Ukipata wanne watano, utajua kama 170,000 ni bei ya mtaa au ni bei ya mtu aliyeshuka kwenye basi jana.

Halafu tufanye na hesabu ya Morogoro, mimi na wewe, ili umwonyeshe mumeo bila ugomvi. Kodi ya miezi sita ya kuanzia. Mwezi mmoja wa dalali. Gari la kubeba vyombo, zaidi ya kilomita 250. Baba Neema aanze upya kutafuta kijiwe cha bajaji kwenye mji ambao hamjui mtu. Nauli yako kila wiki na furushi la sare, na wazazi wa Dodoma ambao mtoto akipimwa leo anataka sare Ijumaa. Weka zote kwenye karatasi moja, na upande wa pili andika tofauti ya kodi ya mwaka kama mtaafikiana, tuseme, 130,000 hapo mlipo, ambayo ni 360,000. Mwache aisome mwenyewe. Ni mwanaume anayehangaikia familia yake, ndiyo maana alidaka habari ya wifi upesi. Usimwambie alikosea, mwambie alisikia nusu.

Kuna jambo hukuliuliza, nami naliona ni kubwa kuliko hata nyongeza. Huyu kijana ni nani katika nyumba hiyo? Kuwa mtoto wa marehemu hakumpi peke yake mamlaka ya kukusanya kodi. Mwenye mamlaka ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na kwa familia nyingi hilo hufanyika Mahakama ya Mwanzo. Bibi hakuwa na watoto wengine? Nimeona kwa macho yangu, Chang'ombe, mpangaji amelipa mwaka mzima kwa kaka mkubwa, na mwezi wa tatu dada zake wanafika na barua ya mahakama wanadai kodi ile ile. Mpangaji yule aliuza friji. Kabla hujatoa hata shilingi ya Januari, ombeni kwa heshima kuona barua ya usimamizi. Na ndiyo maana nakukataza kabisa kulipa mwaka mzima kwa sasa. Lipa miezi mitatu, ikizidi sana sita.

Ombeni, nimesema. Wanne wote kwa pamoja, maana karatasi ilibandikwa milango minne. Kama hamjui pa kuanzia, mtumieni ujumbe kama huu kwa simu, ili ubaki na tarehe:

"Habari za leo kaka. Tumepokea karatasi ya kodi mpya. Kodi ya Julai hadi Desemba tulipatana, tukakulipa na ukasaini, kwa hiyo kipindi hicho tumekimaliza. Kodi ya kuanzia Januari tuko tayari kuizungumza. Tunaomba tukutane hapa nyumbani, mwenyekiti wa mtaa akiwepo, siku utakayopanga wewe. Tunaomba pia uje na barua ya usimamizi wa mirathi ya marehemu mama yetu, tujue tunayemlipa ni nani kisheria. Tunamkumbuka Bibi kwa wema wake."

Sentensi ya mwisho usiifute. Ni ya kweli, na pengine itamkumbusha jambo.

Mkikutana, msibishane juu ya 210,000 zaidi ya mara moja. Fungua ukurasa, mwonyeshe saini yake, funga. Zungumzieni Januari. Mwambie nyumba inahitaji nini: kama paa linavuja au karo limejaa, mseme sasa, kwa sababu nyumba yenye wapangaji kadhaa, paa, kuta kuu na mifereji mikuu sheria inamwachia mwenye nyumba. Akitaka bei ya nyumba nzuri, nyumba iwe nzuri. Mkifika bei, iandikwe. Ukurasa mmoja unatosha: majina, vyumba gani, kiasi gani, kuanzia lini hadi lini, kodi haitabadilika ndani ya kipindi hicho, na akitaka kupandisha au kuwatoa atatoa taarifa ya maandishi miezi mitatu kabla. Hiyo miezi mitatu pigania kuliko unavyopigania bei. Asaini yeye, usaini wewe, mwenyekiti ashuhudie.

Juu ya umeme. Mpangaji aliyelipa kodi yake ana haki ya kukaa kwa amani hadi muda wake uishe, na kumzimia mtu taa ili alipe asichodaiwa ni kuivunja amani hiyo. Mwambie mwenyekiti wa mtaa leo, kabla ya tarehe 15, kwamba kitisho hicho kimetolewa. Akikata, usipande kwenye nguzo, usigombane, na usimruhusu baba Neema aguse ile mita. Piga picha, andika siku na saa, andika na oda uliyoshindwa kushona, nenda kwa mwenyekiti, na kutoka hapo Baraza la Kata. Tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2021 Baraza la Kata halitoi hukumu tena, kazi yake ni kusuluhisha. Lakini usilidharau, wazee wale wanajua kumkalisha kijana. Siku 30 zikipita bila suluhu, mlango unaofuata ni Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Hilo jina ndilo linalowachanganya watu na lile la zamani. Halitakupangia kodi. Litasikiliza kama ulilipa, kama ulipewa notisi, na kama umevunjiwa haki yako.

Na kama mwisho wa yote atasema hataki tena kuwapangisha, hiyo ni haki yake, ila hawezi kuwatoa kwa karatasi ya siku kumi na tano. Kwa upangaji wa kipindi kwa kipindi, sheria inataka notisi isiyopungua urefu wa kipindi cha kodi, na imalizikie siku ya kulipa kodi. Ninyi mnalipa miezi sita sita. Mkumbusheni hilo kwa upole.

Sasa nenda kalale. Ila kabla hujalala chukua simu, piga picha kila ukurasa wa lile daftari, kuanzia dole la kwanza la Bibi hadi saini ya Julai, umtumie wifi yako St. Paul akuwekee. Na siku ya kikao kijana akitaka kulitazama, alitazame ukiwa umelishika wewe.